Usukani wa kugusa au wa kubonyeza: dereva achague upi?

Magari ya miaka ya karibuni yamegawanyika katika jambo ambalo wanunuzi wengi hawaliulizii: vidhibiti vilivyo juu ya usukani, pale vidole gumba vinapofika. Upande mmoja kuna vitufe vya kawaida, vyenye kingo, vinavyozama ukivibonyeza. Upande wa pili kuna kibao bapa cheusi chenye alama zinazowaka, kinachopokea amri kidole kikikigusa au kikiteleza juu yake. Muuzaji atakuonyesha skrini kubwa, viti na rimu, na usukani mtaupita kwa jicho moja. Kumbe ndicho kifaa ambacho mikono yako haitaachana nacho kwa miaka yote utakayokuwa na gari hilo.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usome ukiujua: kwa dereva wa kila siku, kitufe cha kubonyeza kinashinda, tena kwa mbali. Sababu si mazoea. Kidole cha dereva kina kazi mbili tofauti, kutafuta na kuamuru, na usukani wa kugusa mara nyingi unazichanganya zikawa moja. Karibu matatizo yake yote yanatoka humo.

Kutafuta na kuamuru

Kitufe cha kawaida ni swichi ndogo. Chini yake kuna mpira au bati jembamba lililobinuka. Ukilisukuma linakubali kwa ghafla, umeme unapita, na kompyuta ya gari inapata habari. Katika magari mengi kila kitufe kina rezista yake, yaani kipande kidogo kinachopunguza umeme kwa kiasi maalumu, na kompyuta inatambua kilichobonyezwa kwa kupima volti kwenye waya. Faida kubwa zaidi iko kabla hata hujabonyeza: unaweza kupitisha kidole juu ya vitufe vyote, ukahisi ukingo, mwinuko, nukta na pengo, ukajua uko wapi, na hakuna kitakachotokea mpaka utie nguvu.

Kibao cha kugusa hakina kinachozama namna hiyo. Nyuma ya plastiki kuna vipande vyembamba vya metali vyenye chaji ndogo ya umeme. Mwili wa binadamu unapitisha umeme, hivyo kidole kikifika chaji inabadilika na chipu inahesabu kwamba umegusa. Ni teknolojia ileile ya skrini ya simu. Haitaki nguvu hata kidogo, na hapo ndipo penye ugumu, maana kidole kinachopapasa na kidole kinachoamuru vinafanana mbele ya chipu. Tone la maji nalo linaweza kuivuruga chaji hiyo, na glavu nene inaweza kukificha kidole kabisa.

Wahandisi walilijua hilo, wakaleta tiba mbili. Ya kwanza ni mtetemo: amri ikipokelewa, kibao kinatikisika kidogo chini ya kidole ili kuiga ule mlio wa kitufe. Ya pili ni kihisi cha nguvu: kibao kinajua kidole kilipo, lakini hakitekelezi mpaka ukisukume. Tiba hizi hazilingani. Mtetemo unakwambia kwamba amri imeshakwenda, lakini haukusaidii kujua kidole kiko juu ya alama gani kabla ya hapo. Kihisi cha nguvu ndicho kinachorudisha nafasi ya kupapasa kwa usalama, hata kama uso wenyewe ni bapa na hauna cha kushika. Ukilazimika kuchagua kati ya sukani mbili za kugusa, uliza kwanza ni upi ambao kibao chake kinasubiri kusukumwa.

Kuna jambo jingine linaloitwa la kugusa kwenye usukani ambalo ni vizuri kuliweka kando. Baadhi ya sukani zina kihisi ndani ya duara lenyewe, kinachotambua kama mikono yako ipo wakati mfumo wa kusaidia kuendesha unafanya kazi. Hicho ni kitu kizuri. Magari mengine hutambua mikono kwa kupima msukumo mdogo wa kuzungusha, ndiyo maana dereva aliyeshika usukani kwa utulivu barabara ikiwa imenyooka anaambiwa ashike usukani. Kihisi cha kugusa kinaondoa usumbufu huo. Kinaweza kuwepo pamoja na vitufe vya kawaida, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba ukitaka kimoja lazima uchukue na kingine.

Macho yanakokwenda

Vidhibiti viliwekwa juu ya usukani ili dereva asiangalie chini wala kunyoosha mkono. Kidhibiti cha usukani kinachodai kuangaliwa kimepoteza sababu ya kuwa pale.

Mwaka 2013 NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, ilitoa mwongozo kwa watengenezaji kuhusu vifaa vya ndani ya gari: kazi yoyote isimwondoe dereva macho barabarani kwa zaidi ya sekunde 2 kwa mtazamo mmoja, wala zaidi ya sekunde 12 kwa jumla. Ukiwa kwenye kilomita 100 kwa saa, gari linakula karibu mita 28 kila sekunde. Sekunde 2 ni mita 56, na humo mtoto anaweza kuvuka, lori linaweza kufunga breki, na wewe hujaona.

Jarida la Sweden, Vi Bilägare, lilifanya jaribio mwaka 2022 ambalo mpaka leo linatajwa sana. Madereva walipewa muda wa kulizoea kila gari, kisha wakafanya kazi kadhaa rahisi wakiwa kwenye kilomita 110 kwa saa, kama kubadili stesheni ya redio na kurekebisha kipoza hewa. Volvo V70 ya mwaka 2005, yenye vitufe vitupu, ilimaliza kwa sekunde 10 ikiwa imekwenda mita 306. MG Marvel R, inayotegemea skrini ya kugusa, ilichukua sekunde 44.9, na kufikia hapo ilikuwa imeshapita kilomita moja na ushee. Jaribio lile lilihusu zaidi skrini za dashibodi kuliko usukani, lakini kinachopimwa ni kilekile: muda ambao mkono unauhitaji pale usipoweza kufanya kazi bila jicho.

Kwenye usukani wenyewe tofauti inaonekana katika mambo madogo. Kupandisha sauti kwa kigurudumu kidogo au kitufe chenye mwinuko hufanyika ukiwa unatazama mbele, na kidole kinahesabu hatua: moja, mbili, tatu. Kwenye kibao cha kuteleza, unapitisha kidole, sauti inaruka kupita ulipotaka au haisogei kabisa, unarudia, na mara ya pili unatazama chini. Wapo wanaozoea na kuwa wepesi. Lakini mazoea hayo yanavunjika barabara ikiwa mbovu, kwa sababu mkono unaorushwa na mashimo hautelezi kwa utulivu, ilhali kitufe chenye kingo kinakishikilia kidole palepale.

Amri ambayo hukuitoa

Hili ndilo linalonisumbua kuliko yote. Kitufe kigumu kutumia kinaudhi, lakini kitufe kinachofanya kazi bila kuombwa kinatisha.

Unapokata kona kali, mikono haibaki pale ilipokuwa. Kiganja kinapita juu ya katikati ya usukani, na sehemu ya chini ya kidole gumba inalala juu ya vidhibiti. Kitufe cha kubonyeza hakijali, kwa sababu mguso huo hauna nguvu wala mwelekeo wa kukizamisha. Kibao kinachosikia mguso mwepesi kinaweza kuchukulia umeamuru. Volkswagen Golf 8, hasa matoleo yake ya GTI na R, ilipata lawama nyingi za namna hii kutoka kwa waandishi wa magari na wamiliki: sauti kupanda katikati ya kona, au kipasha joto cha usukani kuwaka chenyewe.

Sauti ikipanda utashtuka, basi. Mfumo wa kushika mwendo, ule unaoliendesha gari kwa spidi uliyoweka bila wewe kukanyaga mafuta, ni habari nyingine. Amri ya kurejea kwenye spidi uliyoweka awali inaweza kuongeza kasi pale ulipokuwa unajiandaa kusimama. Mwaka 2025 wamiliki wa Volkswagen ID.4 walifungua kesi Marekani wakidai kwamba vidhibiti vya kugusa vya usukani viliwasha mfumo huo bila wao kukusudia. Madai si hukumu, na ni juu ya mahakama kuyapima. Hata hivyo, mnunuzi hahitaji kusubiri hukumu ili akague kidhibiti hicho kimekaa wapi, na kiganja chake kinapita wapi anapozungusha usukani.

Tatizo lenyewe si la zama za chipu. Mwaka 1958 Edsel, gari la kampuni ya Ford, lilitoka na vitufe vya kubadili gia katikati ya usukani, mfumo ulioitwa Teletouch. Vilikuwa vitufe halisi vya kubonyeza, lakini viliwekwa pale ambapo madereva walizoea kukuta honi, na wapo waliobadili gia wakitaka kupiga honi. Toleo la 1959 halikuwa navyo tena. Kwa hiyo kitufe halisi nacho kinaweza kuwekwa vibaya, na haitoshi kuuliza kama ni cha kubonyeza. Uliza pia kipo wapi na kinafanya kazi gani.

Indiketa na honi

Kuna kazi ambazo hazifai kabisa kuwa za kugusa, na juu ya hizi sioni nafasi ya mjadala. Tesla Model S na Model X za mwaka 2021 zilitoka na usukani usio na duara kamili, uliokatwa sehemu ya juu kama wa ndege, indiketa zikiwa sehemu za kugusa upande wa kushoto na honi ikiwa ya kugusa upande wa kulia. Baadaye honi ilirudishwa katikati, pale mtu anapopiga kwa kiganja kizima akiwa ameshtuka. Mtu aliyeshtuka hatafuti alama. Anapiga.

Indiketa zina ugumu wa ziada. Kijiti cha indiketa kimefungwa nyuma ya usukani na hakizunguki nao, kwa hiyo kipo palepale siku zote. Kitufe cha indiketa kilicho juu ya usukani kinazunguka. Ukiwa ndani ya kipilefti, usukani umegeuka nusu, na sasa unataka kuashiria unatoka: kitufe kilichokuwa kushoto kimekwenda upande mwingine, na kilichokuwa juu kiko chini. Ubaya huu upo hata kama kitufe ni cha kubonyeza. Tesla waliondoa kijiti kwenye Model 3 ya mwaka 2023 wakaweka vitufe, lakini Model Y mpya ya 2025 ilibaki na kijiti, na mwaka huohuo kijiti kikaanza kurudi kwenye Model 3.

Euro NCAP, taasisi ya Ulaya inayoyapa magari nyota za usalama, imeingiza jambo hili katika vigezo vyake vya mwaka 2026. Gari linalotaka alama zote linatakiwa liwe na vidhibiti halisi vya kushikika kwa indiketa, taa za hatari, honi, waipa na kitufe cha kuita msaada wa dharura. Si sheria, na mtengenezaji anaweza kupuuza akapoteza alama, lakini wachache hupenda kupoteza nyota.

Kinachotetewa upande wa kugusa

Utetezi upo, na sehemu yake ni ya kweli. Kibao bapa ni rahisi kufuta, ilhali vumbi na jasho hujikusanya katikati ya vitufe. Alama zinawaka usiku zote kwa pamoja. Kazi ya kila sehemu inaweza kubadilishwa kwa programu, hivyo kidhibiti kimoja kikasimamia muziki leo na ramani kesho. Kwa mwenye udhaifu wa vidole ambaye kubonyeza kwa nguvu kunamuumiza, mguso mwepesi unaweza kuwa nafuu ya kweli, na mtu huyo simwambii afuate ninachopenda mimi.

Hoja ya kwamba kisichozama hakichakai naipa uzito mdogo. Kweli mpira wa kitufe huchoka baada ya miaka mingi. Lakini kitufe kilichochoka mara nyingi hufunguliwa, fundi akasafisha mguso, kikaendelea, na kikifa kinakufa peke yake. Kibao cha kugusa ni kipande kimoja chenye chipu yake. Kikiharibika sehemu moja, hubadilishwa chote, na mara nyingi huhitaji kuunganishwa upya na kompyuta ya gari kwa mashine ya utambuzi. Kibao cheusi kinachong'aa pia kinaonyesha kila alama ya kidole na kila mkwaruzo wa pete.

Na wale waliokitengeneza wanasemaje kwa vitendo? Oktoba 2022 Thomas Schäfer, mkuu wa chapa ya Volkswagen, alitangaza kwamba vitufe vya kubonyeza vinarudi kwenye usukani. Golf iliyoboreshwa na kuonyeshwa mwaka 2024 ilivirudisha. Ferrari, walioweka vidhibiti vya kugusa kuanzia SF90 Stradale ya 2019 na kuendelea na Roma, walizindua Amalfi mwaka 2025 ikiwa na vitufe halisi, pamoja na kitufe cha kuwashia injini cha alumini. Kampuni hizi hazifanani kwa wateja, kwa bei wala kwa kusudi, na bado zimefika mahali pamoja. Škoda hawakuhitaji hata kurudi: Enyaq, iliyojengwa juu ya msingi uleule wa ID.4, ilitoka tangu mwanzo na vigurudumu na vitufe vya kushikika kwenye usukani. Teknolojia ya chini ya gari haikumlazimisha mtu kuchagua kibao.

Aina ya tatu

Lexus NX ya mwaka 2021 ilikuja na njia ya katikati ambayo imeonekana pia kwenye magari mengine ya Lexus na Toyota. Vitufe vya usukani vinazama kama kawaida, lakini uso wake unahisi kidole. Ukilaza kidole gumba juu yake bila kubonyeza, kazi za kitufe zinatokea kwenye kioo cha mbele, kwenye ile picha inayoelea mbele ya macho, na ukibonyeza ndipo amri inakwenda. Kwa maneno mengine, mguso umepewa kazi ya kutafuta na nguvu imepewa kazi ya kuamuru. Kwa mawazo, huu ndio muundo nadhifu kuliko yote niliyoyataja.

Udhaifu wake ni kwamba vitufe vingine havina alama za kudumu, kwa sababu kazi zake zinabadilika. Kila kitu kinategemea ile picha kwenye kioo. Ukivaa miwani ya jua ya aina ya polaroidi picha inaweza kufifia au kupotea, na mtu aliyeazima gari kwa safari moja atapata tabu kujua kipi ni kipi. Kwa mwenye gari lake mwenyewe atakayejifunza taratibu, ni chaguo la heshima. Kwa gari linaloshikwa na madereva wengi, vitufe vyenye alama zilizochapwa vinabaki bora.

Kabla hujasaini

Majaribio ya usukani hayataki barabara ndefu. Gari likiwa limesimama na mfumo umewashwa, shika usukani pande mbili kama kawaida yako, tazama mbele, na umwombe aliye pembeni akutajie kazi: punguza sauti, pokea simu, zima mfumo wa kushika mwendo. Ukijikuta umeinamisha macho kwa kazi ya tatu au ya nne, usijipe moyo kwamba utazoea. Kisha zungusha usukani mpaka mwisho kushoto na kulia bila kuwa mwangalifu, viganja vipite vinakopita siku zote, na uangalie kama kuna kitu kimewaka au sauti imebadilika. Lowesha kidole gumba kidogo ujaribu tena. Kama wewe huvaa glavu kazini au njiani, njoo nazo.

Mwenye kuendesha safari fupi za mjini, ambaye hutumia usukani kwa sauti na simu tu, anaweza kuishi vizuri na kibao cha kugusa chenye kihisi cha nguvu, hasa kama mfumo wa kushika mwendo una kijiti chake pembeni. Mwenye safari ndefu, barabara mbovu, au mazoea ya kuuachia mfumo ushike mwendo, achukue vitufe hata kama inamaanisha daraja la chini la gari hilohilo. Mara nyingine ndivyo ilivyo hasa: Golf 8 ilitoka na sukani za aina zote mbili, na mara nyingi daraja la chini ndilo lililobaki na vitufe huku la juu likipewa kibao. Kwa hiyo jina la gari na mwaka wake havitoshi kukupa jibu, zaidi sana ukinunua lililotumika. Omba picha ya usukani wenyewe, ikionyesha pande zote mbili kwa karibu.

Kubadilisha baadaye kunawezekana kwa baadhi ya magari, lakini si kazi ya kufanyia uani. Katikati ya usukani kuna mfuko wa hewa wa usalama, ambao lazima umeme wake ukatwe kwa utaratibu kabla ya kuguswa, na nyuma yake kuna utepe wa nyaya uliojiviringisha ambao ukikaa vibaya hukatika siku ya kwanza unapogeuza usukani mpaka mwisho. Usukani mpya lazima ulingane na kompyuta iliyomo, na kama gari linatambua mikono kwa kihisi cha duara, usukani usio na kihisi hicho utakuachia onyo la kudumu kwenye dashibodi na mifumo ya kusaidia kuendesha ikiwa imezimwa. Fundi akikuambia ni kuchomoa na kuchomeka, muulize ameshafanya kwenye gari gani na kama ana mashine ya kuuandikisha usukani mpya kwenye kompyuta ya gari.